Tshombe Kwenye Kamba ya Nguo

Wewe mwenye bibi, mama mukwe na paa la bati lenye tundu, vuta kiti. Tutaelewana.

Mvua ya Januari hapa Likasi haipigi hodi. Usiku wa Jumamosi iliingia kupitia tundu la msumari ambalo muramu wangu aliahidi kuliziba tangu kiangazi. Huyu muramu tunamwita Kesho, maana ukimwomba lolote jibu lake ni hilo moja. Ana moyo mzuri, watoto wanampenda kuliko mandazi, lakini tundu likabaki tundu. Na mvua, katika nyumba nzima yenye masufuria, mikeka na gunia la makala, ikachagua kabati lenye albamu yangu ya noti za zamani.

Albamu hiyo nimeijenga kwa miaka 19, noti moja moja, kwa kukaa na wazee wa Kikula na Panda na kusikiliza hadithi ndefu kabla hawajafungua sanduku. Ukurasa wa kwanza ni wa Banque du Congo Belge, benki iliyoanzishwa mwaka 1909. Noti zake za mwanzo ziliandikwa hata jina la tawi, Elisabethville, Matadi, Stanleyville, na mimi hizo sijazipata. Ninayo ya faranga 50 yenye chui, ya aina waliyolipwa watu wa kampuni ya madini ya Union Minière miaka ya 1940, wakati mji wetu bado unaitwa Jadotville kwa jina la Jean Jadot. Kisha zinafuata za benki kuu ya mkoloni, iliyochukua kazi ya kutoa noti mwaka 1952 na kubeba jina refu la Kongo ya Wabelgiji pamoja na Ruanda-Urundi.

Halafu unafika kwenye moyo wa albamu: Banque Nationale du Katanga. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza Katanga kuwa nchi, na nchi inataka fedha yake. Noti za kwanza zilibeba sura yake mwenyewe. Za 1962 zikaleta picha nyingine, na ile ya faranga 100 ina mama aliyebeba mahindi. Sarafu za 1961, faranga 1 na faranga 5, zina ndizi upande mmoja na msalaba wa shaba upande wa pili, ule ule msalaba ambao babu zetu walifanyia biashara na kulipia mahari kabla Mzungu hajaijua shaba yetu. Januari 1963 nchi hiyo ikaisha. Fedha ya nchi ya miaka miwili na nusu! Ndiyo sababu ninaipenda: ni fupi kama maisha ya kipepeo, na ilipita mikononi mwa watu wa hapa hapa.

Asubuhi ya Jumapili nilirudi kutoka misa nikamkuta Tshombe kwenye kamba ya nguo.

Alibanwa kwa kibanio cha nguo kati ya soksi za Injini, mtoto wetu wa pili asiyezimika, na kitenge cha bibi yangu. Pembeni yake chui wa faranga 50 alikuwa anadondosha maji. Bibi yangu, ambaye kwa heshima ya kazi yake tunamwita Minista wa Feza, alikuwa ameziokoa zote, na kwa kuwa yeye hawezi kuokoa kitu bila kukisafisha, alizipitisha kwenye beseni la sabuni.

"Papa, zilikuwa na uchafu wa miaka 60," alisema. "Sasa unaweza kuona maandishi."

Noti iliyolowa haifuliwi. Inalazwa kati ya karatasi safi zinazofyonza maji, inawekewa vitabu juu, inaachwa ikauke polepole. Sabuni inaondoa ugumu ambao kiwanda kiliuweka kwenye karatasi, na kibanio kinaacha alama ya meno isiyotoka. Nilimweleza hayo yote pale uani. Alinisikiliza kwa upole kabisa, akaenda kuangalia sombe.

Wakati huo binti yetu Kaswali, mwenye miaka 12 na maswali 40 kwa siku, alikuwa amekaa chini ya kamba na kalamu. Alitaka kujua faranga 100 za Tshombe zingenunua nini leo. Nikamwambia aanze na faranga za zamani: mwaka 1967 faranga 1,000 ziligeuka zaire 1. Mwaka 1993 zaire 3,000,000 zikageuka zaire mpya 1. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikageuka faranga 1, hii ya sasa. Akazidisha. Akakosea, akafuta, akazidisha tena, akapata 3 inayofuatwa na sifuri 14: ndizo faranga za zamani zinazofanya faranga 1 ya leo, ambayo haikununulii hata njiti ya kibiriti.

"Papa, zilienda wapi zote?"

Nilipokuwa natafuta jibu, nikasikia harufu ya pasi.

Hapa lazima nikueleze habari ya mama mukwe. Tunamwita Mama Kufuli, kwa sababu tangu Noeli ya 1979, Mobutu alipofuta ghafla noti za zaire 5 na 10 na watu wakabaki na makaratasi mkononi, yeye haamini benki wala serikali, anaamini kufuli. Na wewe unajua buko ilivyo kwetu. Kwa mama mukwe hupazi sauti, humnyang'anyi kitu mkononi, humkazii macho. Nilimkuta kwenye veranda, pasi ya makala inatoa moshi, na chini yake, juu ya taulo, faranga 100 ya mwaka 1962. Mama mwenye mahindi.

Pasi ndiyo kifo cha noti. Inailaza ile wino iliyoinuka, inaiachia mng'ao usio wake, na mkusanyaji yeyote akiigeuza kwenye mwanga anajua mara moja. Nilisimama, mikono nyuma, nikahesabu jinsi pasi ilivyopita: mara nne.

"Mama," nilisema polepole, "ile mikunjo haikuwa na ubaya."

Hakuinua uso. Alisema mwaka ule alikuwa na miaka 11. Askari wa Umoja wa Mataifa walipovuka Lufira na kuingia Jadotville, tarehe 3 Januari 1963, mama yake alikuwa tayari amemfungia noti kama ile kwenye pembe ya kitenge, imekunjwa mara tatu, ndogo kama jani la muhogo bichi linapochipua, ili mtoto akipotea njiani awe na kitu. Hakupotea. Walirudi nyumbani na noti haikununua chochote. Lakini mikunjo hiyo aliijua kwa kidole.

"Feza yenye kukunjwa hivi ni feza ya kukimbia," alisema. "Nyumba yenye amani inaiweka wazi."

Akaipitisha pasi mara ya tano.

Sikuwa na la kusema, na sitaki kudai kwamba nilikuwa nalo. Nilikuwa na noti hiyo kwa miaka saba, nimeipima, nimeiandika daraja lake kwenye daftari, na ile mikunjo mitatu niliiandika kama kasoro.

Mchana tulikula bukari na sombe. Kesho alikuja na ngazi, bila misumari, akala sahani mbili. Mama Kufuli aliomba noti ile kwa maneno machache, nami nikampa kwa mikono miwili; sasa imelala ndani ya Biblia yake, na Biblia imo ndani ya sanduku lenye kufuli. Minista alitaka kutumia mfuko wa albamu ulioachwa wazi kuhifadhi bili ya umeme. Hilo nilikataa. Nilikata kipande cha karatasi, nikaandika, nikakiingiza humo: Banque Nationale du Katanga, faranga 100, 1962. Ilikunjwa mara tatu. Iko kwa mama mukwe, imenyooshwa.