Sifa za Somo la Lazima

Washairi wa pwani yetu wameusifu mnazi tangu mzizi hadi kilele, wakalisifu na jahazi pamoja na nahodha wake. Aliyesahauliwa ni mmoja tu: somo la lazima, lile ambalo mwanafunzi anayetaka kuhama chuo anatakiwa awe amelimaliza kabla ya tarehe fulani. Hapa California nimeishi nalo nyumba moja. Limekula nasi, limelala nasi, limetufuata hadi kwenye harusi za watu. Si vizuri kukaa na mgeni muda wote huo bila kumtolea neno jema.

Kwa wasiolifahamu, nieleze kidogo. Jimbo hili lina vyuo vya jamii 116, na vyote humpokea anayebisha hodi. Mwanafunzi husoma huko miaka miwili kwa ada nafuu, kisha huomba kuhamia chuo kikuu aingie mwaka wa tatu. Utaratibu huu ni wa tangu 1960, ulipopitishwa Mpango Mkuu wa Elimu ya Juu enzi za Clark Kerr, rais wa Chuo Kikuu cha California. Waliofaulu zaidi, mmoja katika kila wanane, waende moja kwa moja Chuo Kikuu cha California. Theluthi ya juu iwe na nafasi katika vyuo vikuu vya jimbo. Wengine wote waanzie chuo cha jamii, na mlango wa kuhamia juu uachwe wazi. Mlango uko wazi kweli. Aliyesimamishwa pale kizingitini ni somo la lazima.

Fadhila yake ya kwanza, inayozipita nyingine zote, ni kwamba hufundisha utabiri.

Anayetaka kuingia Chuo Kikuu cha California baada ya likizo ndefu hutuma maombi Oktoba au Novemba ya mwaka uliotangulia. Masomo ya lazima yawe yamekwisha ifikapo mwisho wa muhula wa Januari, yaani Mei au Juni. Maana yake, siku ya kutuma maombi, sehemu nzuri ya masomo hayo bado haijafundishwa. Chuo kikuu kimeliona hilo na kimelitafutia dawa. Katika fomu, mbele ya kila somo unaweka alama uliyopata. Somo ukiwa bado unalisoma, unaweka herufi IP. Na kama hujalianza kabisa, unaweka PL, yaani umepanga.

Binti wa dada yangu, ambaye kwangu ndiko anakokaa, alifungua fomu hiyo juu ya meza yangu ya chakula. Kwenye safu ya muhula wa Januari akaandika kemia ya kaboni, sehemu ya pili. Ratiba ya Januari ya chuo chake ilikuwa haijatoka. Mwalimu hajulikani, saa haijulikani, na kama somo lenyewe litakuwepo ni siri ya Mungu na mkuu wa idara. Akasita.

"Mjomba, nikiandika PL halafu wasilifundishe, nitakuwa nimesema uongo?"

"Hapana, mwanangu. Utakuwa umetabiri vibaya."

Tazameni basi ukubwa wa neema hii. Marehemu Sheikh Yahya Hussein alihitaji nyota za mbinguni. Mpiga ramli huhitaji bao lake na subira ya mteja. Mtoto wetu alihitaji herufi mbili tu, na kompyuta iliyochomekwa kwenye umeme kwa sababu betri imekufa.

Tena utabiri huu una madaraja. La chini ni la yule anayejua ni darasa gani litafutwa wiki ya kwanza kwa uchache wa wanafunzi. La kati ni la anayejua ni mwalimu yupi ataomba likizo na kuondoka na somo zima. La juu, daraja la mawalii, ni la anayejua akiwa na miaka kumi na minane kwamba baada ya miaka miwili atataka kusoma baiolojia ya molekuli na si uchumi, na atataka kuisomea kampasi gani.

Daraja hilo la juu si la mapambo. Hesabuni wenyewe: kemia ya jumla ya kwanza, kemia ya jumla ya pili, kemia ya kaboni ya kwanza, kemia ya kaboni ya pili. Hayo ni masomo manne, kila moja likimsubiri mwenzake, na miaka miwili ina mihula minne. Kwa hiyo asiyeanza kemia wiki ya kwanza ya muhula wa kwanza ameshachelewa, hata kabla hajakijua choo cha chuo kiko wapi. Chuo kikiwa kidogo, kemia ya kaboni ya kwanza hufundishwa Agosti tu, na ya pili Januari tu. Ukiikosa ya Agosti, hukukosa muhula mmoja, umekosa mwaka.

Ndiyo maana katika ukoo wetu tumekubaliana kuanza mapema. Mtoto akifika arobaini, ananyolewa nywele, kisha anasomewa ratiba ya kemia. Wajawazito wanaombwa waache kubishana juu ya majina. Jina litapatikana tu, wachague kwanza kampasi. Shemeji yangu mmoja anapendekeza tusogee nyuma zaidi, mshenga akipeleka posa aulize bibi harusi mtarajiwa anaelemea upande gani, sayansi au sanaa. Hatujampinga. Tumemwandikia PL.

Na utabiri ukikosea, ipo toba. Hadi mwisho wa Januari mwombaji anarudi kwenye fomu, anaweka alama za muhula uliokwisha, anaeleza kipi kimebadilika. Majibu hutoka Aprili. Sijamwona mpiga ramli anayewapa wateja huduma kama hiyo.

Fadhila nyingine nizitaje kwa haraka, maana msosi unapoa. Somo la lazima hufundisha jiografia: chuo chako kisipokuwa nalo, kile cha ng'ambo ya daraja huenda kinalo, na binti yetu sasa anazijua barabara kuu za eneo hili kuliko madereva wa teksi. Hukuza biashara ya mafuta ya gari. Hufanya likizo ya Juni ipendwe kwa usafi wa nia, kwa kuwa masomo yanayochukuliwa likizo hiyo, siku chache kabla ya kuhama, kwa kawaida hayasaidii kutimiza masharti ya kuingia. Na huimarisha undugu, kwani hakuna mwezi unaopita bila simu kutoka Tanga: "Hivi sasa yuko mwaka wa ngapi?"

Swali hilo la Tanga ni gumu kuliko linavyosikika. Huko nyumbani mtu hudahiliwa kwenye programu, ratiba ikabandikwa ubaoni, mkaingia darasani na wenzako wote. Ukianguka kuna sapu. Ukianguka sana umedisko na mtaa mzima unajua. Lakini hujui maana ya kufaulu kila ulichofundishwa na bado ukabaki palepale kwa sababu ya ambacho hukufundishwa. Dada yangu anadhani mwanawe anamficha jambo. Mimi humwambia, "Dada, mtoto amefaulu. Anasubiri kemia." Kimya kwenye simu. "Kemia inakuja lini?"

Sifa zinaendelea. Somo la lazima humpa kijana ari ya kusoma nyaraka. Uko mtandao wa jimbo uitwao ASSIST, unaoonyesha somo lipi la chuo cha jamii linakubaliwa badala ya somo lipi la chuo kikuu. Makubaliano huandikwa chuo kwa kampasi, fani kwa fani, mwaka kwa mwaka. Mtu mwenye mapenzi na maandishi ya kale atafurahi mno humo. Atagundua kwamba somo lilelile, kwa kitabu kilekile, kampasi moja inalipokea na kampasi ndugu yake inalikataa, ingawa zote mbili ni za Chuo Kikuu cha California, zenye rais mmoja, zinazochukua fedha kutoka bajeti ya jimbo moja. Wao kwa wao huenda wanapeana salamu za sikukuu. Habari za kemia wanazipeleka kwa mtoto, mtoto azibebe kutoka ofisi hii hadi ile.

Nilimsindikiza kwa mshauri wa masomo. Mtu mpole, ana mmea dirishani. Akaitazama karatasi, akatikisa kichwa.

"Hili la kwanza ulitakiwa uwe umelichukua Agosti."

"Agosti lilijaa, nikawekwa orodha ya kusubiri."

"Na Agosti ile ya kabla yake?"

"Darasa lilifutwa."

"Ndiyo maana," akasema kwa upole uleule, "huwa tunashauri mwanafunzi apange mapema."

Apange mapema! Apange nini? Nani alilifuta darasa, ni yeye? Nani aliyeamua maabara moja inatosha watu wote wa wilaya, ni yeye? Ni sawa na kondakta kukutoza faini kwa kutopanda basi ambalo yeye mwenyewe hakulileta kituoni. Chuo hiki kinajua wanafunzi wangapi wamemaliza kemia ya jumla, kwa sababu ndicho kilichowapa alama. Kinaweza kuhesabu viti vinavyohitajika Agosti kwa vidole. Hakihesabu. Chuo kikuu nacho kinajua sharti lake halitimiziki pale, kwani ratiba ziko wazi kwa yeyote. Hakiulizi. Kisha mabwana hawa wawili wakiulizwa kwa nini miaka miwili imekuwa mitatu, wanamgeukia msichana wa miaka ishirini anayefanya kazi za usiku kwenye nyumba ya wazee, wanamwambia alikosa mpango.

Nisameheni, nilikuwa nasifu.

Anayeweza kupanga mapema tunamjua. Ni mtoto ambaye mama yake alipita njia hiyohiyo, baba yake anamjua mtu wa kumpigia simu, na hakuna anayemsubiri alete kodi ya nyumba. Mtoto wa aliyekuja kwa bahati nasibu ya grini kadi hulijua sharti siku linapomkataa. Kwa hiyo kinachoitwa mpango mara nyingi ni urithi, na kinachoitwa uzembe ni kukosa mtu wa kukuambia.

Wala hili si la California peke yake. Mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi ya serikali ya Marekani, GAO, ilikadiria kwamba wanafunzi waliohama vyuo kati ya 2004 na 2009 walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao. Krediti yenyewe ina nasaba ya kuchekesha. Kipimo cha kuhesabu elimu kwa saa za darasani kilienea baada ya 1906, pale taasisi ya Andrew Carnegie, yenye dola milioni 10 za pensheni za maprofesa, ilipotaka vyuo vinavyozitamani fedha hizo vikubali kwanza kipimo hicho katika kudahili. Uzee wa profesa ukawekewa mpango mapema. Ujana wa mwanafunzi ukaandikwa PL.

Tusiwe wachoyo wa shukrani, jimbo limejitahidi. Sheria ilipitishwa 2021 ili masomo ya jumla yafuate utaratibu mmoja kwa vyuo vikuu vyake vyote vya umma, na utaratibu huo ukaanza 2025. Miaka minne, muda uleule wa shahada nzima. Masharti ya fani, pamoja na kemia yetu, yakaachwa yalivyo.

Basi, kwa heshima na taadhima, napendekeza fadhila hizi wasizifaidi wanafunzi peke yao. Kila Novemba chuo nacho kijaze fomu. Kiorodheshe kila somo kinachodai ni la lazima, na mbele yake kiandike kama kimelifundisha, kinalifundisha, au kimepanga tu. Kieleze litafundishwa muhula gani, na nani, na viti ni vingapi. Kiambatishe barua ya chuo kikuu inayothibitisha kwamba wamezungumza. Wanafunzi watakaa kamati, watajibu Aprili. Chuo kitakachobainika kuwa na somo la lazima kisilolifundisha kitakosa ruzuku ya mwaka mzima, na hakitaruhusiwa kufidia kwa madarasa ya likizo.