Wivu Tu

Wanaoisema vibaya Burlington, Iowa, wana wivu. Mji gani mwingine hukupa Januari ya kugandisha pua na Julai ya kukuchemsha ndani ya shati, bila kukudai nauli ya kuhama? Mto Mississippi nao ni muungwana: mwaka 1993 na 2008 haukungoja kutembelewa, ulipanda wenyewe kuwaamkia wenyeji. Kivutio kikuu ni Snake Alley, kichochoro cha matofali cha mwaka 1894, kilichopinda kuliko jibu la mgombea urais. Na Iowa wagombea inawajua. San Francisco, pamoja na majivuno yake, ilisubiri hadi 1922 kuipindisha barabara yake ya Lombard. Nenda ukajionee. Beba koti, feni na mtumbwi.