Unga Unaotangulia Maji

Machi 1948 Isaac Asimov, akiwa mbioni kumaliza udaktari wake wa kemia Chuo Kikuu cha Columbia, alichapisha makala ya mzaha, yenye majedwali na marejeo ya kubuni, kuhusu thiotimolini: unga unaoyeyuka sekunde 1.12 kabla ya kutiwa maji. Muda hasi, jamani! Tena unga wenyewe mjanja. Ukishika glasi huku moyoni huna nia ya kumimina, hauyeyuki ng'o. Alimwomba mhariri amfichie jina. Likatoka vile vile. Watahini wake wakaisoma, na mwisho wa mtihani wa mdomo wakamtania kwa swali juu ya unga huo, kisha wakampa shahada yake.

Wamarekani walicheka sana. Sisi tungewauliza mbona wanajisumbua kubuni. Huku kwetu zabuni hupata mshindi kabla ya tangazo kubandikwa, soda za kumpongeza zikiwa zimeshapoa kwenye friji. Na yuko karani anayekuambia "mtandao hauko" ungali unafuta viatu mlangoni. Sekunde 1.12? Kwa karani yule huo ni uzembe kazini.