Waheshimiwa, Punda Yumo Ndani ya Katiba

Kwa Waheshimiwa Wawakilishi Wadi, Bunge la Kaunti ya Lamu.

Nawaonea wivu. Kila msimu wa bajeti mnaletewa vilio vya maji, gati na basari, lakini punda hajawahi kuwagongea mlango. Mfanyakazi wa namna hii hapatikani tena: hana mshahara, hana chama, na akigoma hupigwa bakora papo hapo, mgomo ukaisha.

Nawaandikia kuhusu punda wanaozurura. Najua wanawakera. Usiku hulala katikati ya Ndia Kuu kama wenye nyumba, na asubuhi mwenye kanzu nyeupe hana budi kutembea akitazama chini. Wageni wanapiga picha, sisi tunaruka mavi. Hasira zikipanda, dawa huwa ile ile: punda wakamatwe, wenyewe watozwe faini. Ni dawa isiyogharimu kitu, ndiyo maana inapendwa.

Ila mtazameni huyo mzururaji kwa karibu. Mgongoni manyoya yamenyonyoka pale shogi linapokaa, na kidonda kimechagua mahali hapo hapo. Mzururaji gani huyu mwenye kazi ya kutwa? Mchana alikuwa akipandisha saruji na mchanga kutoka gatini, mwenyewe yuko nyuma yake na fimbo. Magharibi ikiingia, mzigo umeshushwa na mwenyewe amemsahau mpaka alfajiri. Hapo katikati punda anajitafutia jaani: anakula maganda ya maembe pamoja na mfuko wa nailoni ulioyafunga. Tumbo likimsokota, ndipo tunapoulizana, huyu punda wa nani?

(Nimtendee haki mwenye punda. Nyumba za Amu, mji wetu wa Lamu, zimeegemeana ukuta kwa ukuta, na wengi hawana hata pa kuanika nguo, sembuse zizi.)

Kwa upande wa matibabu, punda wetu ni wa Waingereza. Shirika la The Donkey Sanctuary, la huko Devon, lilifungua kliniki mjini Lamu mwaka 1987 na kuwatibu punda bure. Sehemu kubwa ya fedha za shirika hilo hutokana na wasia wa marehemu. Utaratibu huu haujapata kusifiwa inavyostahili: ili punda wa Amu apate dawa ya minyoo, kwanza bibi mmoja afe Uingereza.

Wala si kweli kwamba Serikali haimjui punda. Mwaka 2012 Serikali Kuu ilimhalalisha kuwa mnyama wa kuchinjwa. Machinjio manne yakafunguliwa, ngozi zikasafirishwa China kuchemshwa ziwe dawa. Sensa ya 2009 ilikuwa imehesabu punda milioni 1.8, ile ya 2019 ikakuta karibu milioni 1.2. Marufuku ya kuwachinja ikaja 2020, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikaifuta. Mtu akiniambia hatuwezi kuwadhibiti punda, namwambia tunaweza sana, mradi kuna mnunuzi.

Sasa Katiba. Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, linazipa kaunti kazi ya kudhibiti wanyama na kuangalia maslahi yao: leseni za mbwa, na mahali pa kuwaweka wanyama, kuwatunza na kuwazika. Kuwazika, waheshimiwa! Waliotunga Katiba ya 2010 walimfikiria punda mpaka kaburini, na sisi tumekwama kwenye boma la kumweka akiwa hai.

Basi naomba boma: uzio na kivuli nje kidogo ya mji, birika la maji, pumba, na daktari wa mifugo ambaye mshahara wake hautegemei msiba wa mtu. Kila punda atiwe alama, mwenyewe ajulikane usiku kama anavyojulikana mchana. Faini nazo zitozwe, lakini zinunue pumba, zisinunue chai ya kikao.

Mtaambiwa kwamba shukrani ya punda ni mateke. Msiogope, hana cha kuwashukuru bado.

Na kama mwaka huu mfuko umekauka kabisa, anzeni na hilo la kuzika. Kwa hali waliyo nayo punda, makaburi yatahitajika kabla ya boma.

Wasalaam,
Mkazi wa Langoni