Jinsi ya Kumkasirikia Mgonjwa kwa Ustaarabu

Hongera, dokta, umepangiwa Kyela. Wenzako watakuonea wivu kwa sababu ya mchele, na wana haki. Pakia neti, pakia koti jeupe, na hasira zako usiziache nyumbani: utazihitaji kabla ya chai ya saa nne.

Anza na salamu. "Mugonile" ya asubuhi hairushwi huku macho yako yamo kwenye faili. Mzee atataka kujua umeamkaje, kwenu hawajambo, na kama huko mvua imenyesha. Foleni nyuma yake imefika mwembeni, najua. Lakini ukimkatisha, ukimwuliza kinachomuuma atakujibu "mwili wote", nawe utapima mwili wote mpaka jioni.

Sasa mgonjwa mwenyewe, yule anayefika na ugonjwa wake mkononi. "Nina malaria, dokta." Kipimo cha haraka kimetoa mstari mmoja. "Hamna malaria, bibi." "Basi imejificha."

Hapo ndipo utasikia damu ikikupanda. Vuta pumzi. Huyu ameugua malaria mara nyingi kuliko wewe ulivyofanya mitihani, na waliomfundisha kwamba kila homa ni malaria ni sisi wenyewe. Tulimpa klorokwini bila kipimo kwa sababu zahanati haikuwa na darubini. Mwaka 2001 tukamwambia klorokwini haifai tena, ameze SP. Ikafika 2006, SP nayo ikaangushwa, ameze dawa mseto. Tulipomaliza kubadilisha dawa tukaleta kipimo, tukamwambia hata ugonjwa wenyewe hana. Ungekuwa wewe, ungetuamini? Mweleze polepole, mtafutie chanzo kingine cha homa, na usimwandikie dawa ili tu aondoke. (Utashawishika. Sote tumeshawishika.)

Wa presha hachukui nafasi kubwa. Ameacha vidonge kwa sababu amepona. Ukimwuliza nani kamwambia amepona, atakutaja wewe, siku ile uliposema presha imeshuka.

Mwenye kichupa cha mganga mfukoni naye usimpigie mhadhara. Mwaka 2011 magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi Loliondo kwa kikombe cha dawa ya Babu Ambilikile Mwasapile, shilingi 500 tu, na ndani ya magari hayo waheshimiwa walikuwamo. Muulize kichupa kina nini, uandike.

Kuna hasira moja ambayo siwezi kuifanyia mzaha sana: mtoto aliyeanza degedege juzi, analetwa leo. Utataka kumfokea mama. Mhudumie mtoto kwanza, kisha uliza njia aliyopita. Mwezi wa nne, mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo ikifurika, barabara inakuwa mto na baiskeli haielei. Ukishauliza yote na bado umekasirika, ruksa unayo. Itumie nje, nyuma ya stoo.

Kufoka chumbani ni rahisi mno, na hakuna gharama ya haraka, maana sanduku la maoni lipo ukutani na aliyekuwa na ufunguo alihamishwa. Tatizo ni kwamba aliyefokewa harudi, na homa yake inabaki nyumbani naye.

Basi hasira iende wapi? Mwaka 1957 mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi kwa Wanyakyusa miaka ya 1930, alichapisha kitabu kuhusu matambiko ya ukoo. Wazee, aliandika, waliamini kwamba kinyongo kilichofichwa na ndugu huleta maradhi, na tambiko halifai kitu mpaka mwenye kinyongo akitamke. Mwaka huohuo, London, Michael Balint akatoa kitabu kilichotokana na vikao vya madaktari wanaokutana kuzungumzia wagonjwa waliowashinda. Mwaka 1978 James Groves, daktari wa Boston, akathubutu kuandika kwamba wapo wagonjwa ambao daktari huwachukia, na kwamba chuki hiyo inaweza kumfunulia jambo kuhusu mgonjwa. Wazungu hao walisifiwa. Wazee wa huku walikuwa wametangulia, tena bila ruzuku ya utafiti.

Kwa hiyo fanya tambiko lako. Zamu ikiisha, agiza wali na mbasa, kaa na mwenzako wa kazi, utamke yote. Usitamke kwenye daladala, dereva ni mpwa wa mtu. Majina ya wagonjwa yaache kwenye faili, ingawa hilo halitakusaidia sana: Kyela ni ndogo. Ukimaliza kumsimulia sista habari za "imejificha", usishangae akinawa mikono taratibu, akakwambia yule ni shangazi yake, alirudi usiku kupimwa tena, na safari hii mistari ilikuwa miwili.