Mkono wa Kulia Ugali

Swali la kwanza huja kabla sijamaliza kufuta ubao. "Mwalimu, sasa hii sumaku itatusaidia nini sisi watu wa programu?" Muulizaji ana kompyuta mapajani, simu mbili mezani na hedifoni shingoni. Ukimwondolea vyote vinavyotegemea umeme na sumaku, anabaki na shati na kitambulisho.

Nikasema nitawanasa kwa jaribio la mwanafizikia Ørsted. Mwaka 1820, jijini Copenhagen, alipitisha umeme kwenye waya uliokuwa karibu na dira, sindano ikageuka. Ikajulikana kuwa umeme na sumaku ni ndugu. Vifaa: betri, waya, dira. Vyote ninavyo. Nikajiona nimeshafika Copenhagen.

Nikaweka dira mezani. Sindano haikuelekea kaskazini, ilielekea mguu wa meza. Meza ya chuma. Nikaihamishia kwenye kiti cha mbao, nikaunganisha waya. Sindano ikatikisika kidogo, kama mtu aliyesikia linaitwa jina la jirani yake. Waliokaa nyuma hawakuona kitu. Nikaung'ang'ania waya, nikasahau kwamba waya mtupu ukiunganisha ncha mbili za betri hupata moto upesi. Ukelele nilioutoa ulifika hadi ofisi ya mkuu wa idara.

"Mwalimu," akasema binti wa mstari wa mbele, kwa upole kabisa, "hebu zima halafu uwashe."

Akaja kunisaidia, simu mkononi. Sindano ikazunguka kumfuata kama kifaranga. Darasa zima likapiga makofi! Spika ya simu ina sumaku, basi kipindi kilichobaki kikawa cha kuchezesha dira kwa simu. Waya wangu hakuna aliyeukumbuka, ila vidole vyangu.

Wiki ya pili nikamkimbilia Grace Hopper, yule mwanajeshi wa majini wa Marekani aliyekuwa mtu wa programu kama wao. Alikuwa akigawa vipande vya waya vya sentimita 30 hivi, mwendo wa mwanga kwa nanosekunde moja. Nikakata vipande 60. Prosesa ya gigahezi 3, nikawaambia, ikipiga pigo moja tu, mwanga wenyewe umesogea sentimita 10. Ishara ya umeme kwenye waya hata hapo haijafika. Darasa likanyamaza. Yule wa simu mbili akautazama waya, akaitazama kompyuta yake. "Kumbe njia nayo inachelewesha?" Nusura nimkumbatie. Siku tatu baadaye niliikuta nanosekunde yangu imefunga zipu ya begi lake.

Ukaja mtihani, na kanuni ya mkono wa kulia: kidole gumba kifuate mkondo wa umeme, vinne vilivyokunjwa vionyeshe uga wa sumaku unavyozunguka. Nilikuwa nimewasisitizia, mkono mnaolia ugali. Sikufikiria kwamba ndio huohuo unaoshika kalamu. Wakainua wa kushoto, ukumbi mzima, vidole vikipindana hewani. Msimamizi, mtu wa uhasibu, akanijia mbio: "Mwalimu, hawa wanapeana majibu kwa ishara!"

Laiti wangepeana. Karibu wote walipata kinyume, tena kinyume sawasawa, na kijana mmoja wa mashoto akapata zote. Mmoja wa waliofeli akaja ofisini kukata rufaa.

"Shikamoo, Mwalimu. Mimi ugali nakula kwa kijiko."