Risiti Zimekwenda Wapi?

Mhasibu wetu hamwamini mtu wala mashine inayoruka namba. Alipoona risiti ya 412 inafuatwa na 445, alifunga mlango wa duka, akamwita keshia, akamwita mlinzi, mwisho ndipo akanikumbuka mimi, fundi wa kompyuta. Nilikuta keshia analia, na mlinzi anaapa kwa mama yake mzazi kwamba hata kuisoma risiti hajui, sembuse kuiiba.

Risiti 32! Kwa hesabu ya mama mhasibu, hayo ni mabati, saruji na nondo zilizotoka usiku bila kulipiwa.

"Jana umeme ulikatika?" nikauliza.

Ulikatika.

"Na betri ya seva?"

Ilikufa zamani, bosi anajua.

Basi mwizi amepatikana. Kanzidata yetu ni PostgreSQL, na kitoa namba chake, kiitwacho sikwensi, hakiandiki diskini kila namba inapotoka. Hutangulia kuandika 32 za mbele kwa mkupuo, kisha hugawa taratibu. Mashine ikizimika ghafla, ikiamka huendelea kuanzia pale ilipoandika. Zile 32 hazikuibwa. Hazikuwahi kupewa mtu.

Ningenyamaza hapo ningelala mapema. Mama akafungua orodha nzima tangu Januari. Na 97 je? Ya 97 haina uhusiano na umeme: mteja alighairi, muamala ukafutwa, namba ikaenda nao. Ni kama tiketi ya foleni benki. Ukiivuta ukaondoka, mashine haimpi mwingine namba yako.

"Kwa nini isirudishwe?"

Kwa sababu keshia wa pili keshachukua 98, na hawezi kusimama akingoja wa 97 aamue rangi ya bati.

Nikamfariji kwamba SQL Server ikizimika ghafla huweza kuruka hata namba elfu. Akashika kichwa. Sikuthubutu kumwambia kuhusu MySQL kabla ya toleo la 8.0: ukifuta risiti ya mwisho kisha ukawasha seva upya, namba ileile hupewa mteja mwingine. Hiyo ingempeleka hospitali.

Tukakubaliana namba ya kanzidata ibaki ya mashine. Risiti zikapata jedwali lao la namba, lenye mstari mmoja tu, unaofungwa mpaka muamala ukamilike. Mapengo yamekwisha. Makeshia sasa wanasubiriana, Jumamosi foleni inafika barabarani, na mhasibu anasema bora hivyo.

Betri ya seva bado haijanunuliwa.